Dondoo muhimu: Kabla ya kuushika mstari wa Yeremia 29:11
Kabla ya kuushika mstari huu kama ahadi ya kazi au ndoa mwaka huu, anzia mstari wa 4. Ni barua kwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70: wengi wao wangezikwa ugenini. Ndiyo maana, kabla ya ahadi ya tumaini ya mstari wa 11, waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea mji wa waliowateka. Utasema Neno la Mungu ni la vizazi vyote. Kweli kabisa; basi na agizo ni letu, si ahadi peke yake. Anayesubiri jibu la maombi ana kazi leo: kupanda mboga hata uani mwa nyumba ya kupanga, na kumwombea kwa jina bosi anayemwonea.