Usilipie Mbawa Kabla ya Kusoma Cheti

Wadogo zangu, mwezi huu barua zenu zimejaa ndege. Mmoja kamaliza kidato cha sita, anataka urubani, na baba yake ameshatafuta mteja wa shamba. Mwingine anapanga fungate Serengeti na amepata rubani wa bei poa kupitia rafiki wa rafiki. Wa tatu anapenda injini, ila shangazi zake wamemwambia hiyo si kazi ya msichana. Nitawajibu kwa pamoja, maana nyote mnaelekea mlango mmoja: zile kampuni ndogo za pale uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, Arusha, au Terminal 1 Dar es Salaam. Nyingine hukodisha ndege, huzitengeneza na hufundisha kuzirusha, yote chini ya paa moja.

Paa moja, sawa, lakini vibali ni vitatu. Mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, hutoa cheti cha kubeba abiria kwa malipo, kingine cha karakana, na kingine cha kufundisha. Kampuni inaweza kuwa hodari wa kubeba watalii na isiwe na ruhusa ya kufundisha mtu. Kwa hiyo ukikuta cheti kimewekwa fremu pale mapokezi, kisome: ni cha shughuli gani, na kinaisha lini? Kisha wapigie mamlaka uhakikishe. Usione haya, pesa ni zako.

Sasa wewe wa urubani. Kabla shamba halijauzwa, kapime afya. Leseni ya kurusha ndege kibiashara inadai cheti cha afya cha daraja la kwanza, na hakitolewi na kila daktari, bali yule aliyeidhinishwa na mamlaka. Ataangalia moyo, masikio, macho na uwezo wako wa kutofautisha rangi. Miwani isikutie hofu, mradi ukiivaa unaona inavyotakiwa. Lakini tatizo lipo au halipo, lijue leo kwa gharama ya kipimo, usije ukalijua ada ikiwa imeshalipwa.

Ukivuka hapo, piga hesabu ya saa. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya binafsi inaanzia umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka. Ya biashara ni miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Hicho ni kiwango cha chini, na wanafunzi wengi hukizidi, basi bajeti yako isiishie hapo hapo. Vibali vya kurusha ndege ya injini mbili na vya kuruka kwa kutegemea vyombo pale nje hakuonekani, navyo vina gharama zake. Waambie wazazi mapema kwamba leseni ya biashara si ajira. Vijana wengi huanza kama wakufunzi au marubani wasaidizi, wakikusanya saa taratibu, maana leseni ya juu kabisa inataka saa 1,500.

Ukifika chuoni, usiulize wana ndege ngapi. Uliza leo zinaruka ngapi. Ndege ya mafunzo huingia karakana kukaguliwa kila baada ya saa 100 za kuruka, na chuo chenye ndege moja kikiiingiza, darasa zima linakaa benchi. Uliza pia bei ya saa inajumuisha mafuta au la. Cessna ndogo nyingi za mafunzo hutumia avgas, si mafuta ya ndege kubwa, na avgas ni ghali. Chuo kikikupa bei nzuri mno, soma mkataba uone ikipanda nani atabeba mzigo.

Na tafadhali, usilipe yote kwa mkupuo, hata wakikuahidi punguzo. Lipia saa kwa awamu, chukua stakabadhi, na mkataba uandike wazi kwamba ukiacha au chuo kikifungwa, salio linarudi. Kila ukishuka, hakikisha safari imeandikwa kwenye logibuku yako na mkufunzi ametia sahihi. Saa ambayo haikuandikwa hutaweza kuidai mbele ya mamlaka.

Bibi harusi wangu, huyo rubani wa bei poa ana leseni ipi? Mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kukurusha, hata akiwa fundi wa kutua kiasi gani. Na mwenye leseni ya biashara naye anapaswa kuruka chini ya kampuni yenye cheti cha kubeba abiria. Ikitokea ajali nje ya utaratibu huo, bima inaweza kukataa kulipa. Jua pia kwamba ukikodi ndege unalipia ndege nzima, na mara nyingi hata safari yake ya kurudi tupu. Kwa watu wawili, ulizia kwanza viti kwenye safari za ratiba za kwenda mbugani kutoka Arusha au Dar, mara nyingi kwa ndege ndogo aina ya Cessna Caravan. Mizigo kwa kawaida ni kilo 15 kwenye begi laini, basi lile sanduku la magurudumu liache kwa mama. Usichelewe pia, kwa sababu viwanja vingi vya mbugani havina taa na rubani lazima atue kabla ya giza.

Nawe wa injini, wewe ndiye umenifurahisha. Kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, Dar es Salaam, na East African School of Aviation pale Embakasi, Nairobi. Ada za kozi ya injini hazikaribii za urubani. Kwa kanuni za kimataifa, leseni huombwa kuanzia miaka 18, ukiwa na uzoefu wa miaka 4, au 2 ikiwa umesoma kozi iliyoidhinishwa. Na ujue ukubwa wa kazi hiyo: baada ya matengenezo, ndege haipandi angani mpaka mwenye leseni atie sahihi kwamba iko salama. Hapo kapteni na suti yake wanasubiri kalamu yako. Shangazi wakiendelea, waulize Wilson ni nani. Ni Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929, na baadaye uwanja ukapewa jina lake.

Haya, kazi kwenu. Wa urubani, kwa daktari kwanza, na baba amwambie mteja wa shamba asubiri. Bibi harusi, omba cheti kabla ya kutuma hata shilingi ya kushikia nafasi. Wa injini, kachukue fomu wiki hii, shangazi watakuzoea ukiwa tayari darasani.