Nyumba Iliyomlea Kijana na Chama cha Wafanya Kazi

Vijana wawili huanza kazi siku moja, kwa mshahara mmoja. Mmoja hujiunga na chama cha wafanya kazi, na mwenzake hukataa. Sababu ni nini? Wengi husema, Kila mtu na akili yake. Lakini twaona ya kuwa mara nyingi jambo hili huanzia nyumbani.

Katika Uingereza wataalamu wawili, Jo Blanden na Stephen Machin, walitangaza uchunguzi wao mwaka 2003. Waliona ya kuwa kijana ambaye baba yake ni mwanachama huelekea kujiunga kuliko kijana ambaye baba yake si mwanachama.

Kwetu Singida nyumba nyingi ni za wakulima wa mtama, uwele na alizeti. Mkulima hana mwajiri, basi habari za chama hicho hakuzizoea. Mwanawe apatapo kazi ya ualimu au ya uuguzi huletewa karatasi aitie sahihi, wala nyumbani hana wa kumwuliza.

Ziko nyumba nyingine ambamo baba au babu alifanya kazi ya mshahara zamani. Mwaka 1964 shirikisho la vyama, TFL, lilivunjwa kwa sheria, ikawekwa NUTA iwe chama kimoja cha wote. Michael Kamaliza, Katibu Mkuu wake wa kwanza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mwaka 1978 JUWATA ikashika mahali pake. Mzee wa siku hizo akisema, "Chama ni kukatwa fedha tu," hasemi uongo, asimulia aliyoyaona. Lakini kijana akilishika neno hilo bila kuuliza, ahukumu mambo ya leo kwa mambo ya jana.

Maana mambo yamegeuka. Walimu walipata chama chao, CWT, mwaka 1993. Tena sheria ya kazi ya mwaka 2004 yampa mfanya kazi haki ya kujiunga, wala mwajiri hana ruhusa ya kumwonea kwa ajili hiyo. Mchango wa uanachama hukatwa kwa idhini yake ya maandishi, naye aweza kuiondoa kwa taarifa ya mwezi mmoja. Lakini na ajue neno hili: mahali ambapo chama chenye wengi kimepatana na mwajiri, hata asiyejiunga aweza kukatwa ada ya uwakala, isiyozidi mchango wa mwanachama. Kukatwa huko hakumfanyi kuwa mwanachama.

Basi imetupasa nini? Aliyekuwa mwanachama asimulie mema na mabaya pia. Naye mkulima asiseme, Mimi sijui kitu. Ajua kulimiana kwa zamu. Ajua kuuliza fedha za ushirika zimekwenda wapi. Mwanawe naye na aulize vivyo hivyo: Viongozi walichaguliwa na nani? Fedha zatumikaje? Nikionewa, nani atasimama nami? Kisha aamue mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana:
1. Nyumbani mwako watoto wamesikia nini juu ya vyama vya wafanya kazi?
2. Kuna tofauti gani kati ya mchango wa mwanachama na ada ya uwakala?