Maneno ya Mkutanoni ni Mali ya Nani?

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni simu ya mkononi inayoinuliwa mkutanoni ili kunasa maneno ya viongozi. Wako wasemao kuwa ni haki ya raia. Wengine wasema ni utovu wa adabu, tena ni uchochezi. Kabla hamjaamua, sikilizeni kwanza habari moja.

Miezi michache iliyopita nilikuwapo katika mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja wa Kariakoo. Mniwie radhi nisiutaje jina. Watu waliketi juu ya mabenchi ya kuazima, wengine wakasimama vibarazani, na mikokoteni ikipita nyuma yao kama ilivyo kawaida ya mahali pale. Neno lililojadiliwa lilikuwa ada ya uzoaji wa taka kwa wenye meza za biashara. Kijana mmoja akainua simu yake. Mwenyekiti akakatiza maneno yake, akauliza, "Wewe kijana, nani amekutuma?" Kijana akajibu kwamba hakutumwa na mtu, ila mama yake ana meza ya mboga na siku ile hakuweza kuja. Jibu hilo halikumsaidia. Simu ikachukuliwa, ikakaa mbele ya mwenyekiti hadi mkutano ulipokwisha, naye akarudishiwa baada ya yale aliyoyanasa kufutwa.

Mwezi uliofuata wakusanyaji walipita wakidai shilingi 5,000 kwa kila meza. Wenye meza wakasema waliyoikubali ni 2,000. Muhtasari ulioandikwa na mtendaji ulisema 5,000. Yule mama wa mboga akakataa kulipa zaidi ya 2,000, na meza yake ikachukuliwa. Watu wakanijia, wakasema, "Padre, wewe ulikuwapo siku ile, tuambie." Nawaambieni kweli, nilishindwa. Nilizisikia hesabu zote mbili zikitajwa. Nakumbuka makofi yalipigwa. Lakini kwamba yalipigwa kwa ajili ya hesabu ipi, siwezi kuapa. Simu ya yule kijana ingaliweza.

Sasa tuitazame sheria. Serikali za mitaa zimetajwa katika Katiba yetu, ibara ya 145 na ya 146, na shabaha yake iliyoandikwa humo ni kuyafikisha madaraka kwa wananchi. Miji huongozwa na Sheria Na. 8 ya 1982. Katika utaratibu huo kila mkazi wa mtaa aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano wa mtaa wake. Hakuja kwa hisani ya mwenyekiti wala hakuja kutazama. Yumo kwa haki yake. Juu ya mtaa iko kata, na juu ya kata liko baraza la madiwani. Kwa watu wa Kariakoo hilo ni baraza la Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu Februari 2021 ndilo lililoshika eneo lililokuwa la Manispaa ya Ilala. Mikutano ya kawaida ya madiwani hufanywa walau mara moja kila miezi mitatu, nayo ni ya wazi kwa wananchi na kwa waandishi wa habari. Kamati hukaa faragha, na baraza lenyewe laweza kujigeuza kamati likiwa na neno la siri. Hiyo ni desturi ya mabaraza ya nchi nyingi, wala sisi hatuilaumu.

Basi raia aweza kuingia katika mkutano wa wazi, akaketi, akasikiliza, akaandika katika daftari. Hakuna mwenyekiti atakayempokonya kalamu. Je, akiandika kwa simu? Sheria ile ilitungwa 1982, wakati ambapo chombo cha kunasa sauti kilikuwa mali ya redio na ya watu wachache wenye uwezo. Nani angalifikiri kwamba mchukuzi wa mizigo wa Mtaa wa Kongo angekuja kutembea na mashine ya sauti na ya picha mfukoni mwake? Kwa hiyo mwenyekiti mmoja huruhusu, na jirani yake hupokonya, kila mtu kama aonavyo. Na hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, kwa kuwa mwananchi hajui mapema ni nini kinachomngoja.

Lakini sheria zisizotaja simu zaweza kutuonyesha njia. Ibara ya 18 ya Katiba yatoa uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na tena yampa kila raia haki ya kuarifiwa mambo makubwa yanayohusu maisha yake. Mwaka 2016 ilitungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka ule. Mwananchi akiomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, yampasa kujibiwa katika muda wa siku 30. Muhtasari wa mkutano wa wazi ni taarifa ya namna hiyo. Ikiwa raia ana haki ya kuomba maandishi ya yale yaliyosemwa mbele yake, ni kwa sababu gani akatazwe kuyahifadhi yale yale kwa sauti? Mimi sijaiona sababu hiyo, na wale niliowauliza walinijibu kwa neno moja tu, "nidhamu". Nidhamu twaitaka, tutaifikia.

Jambo hili si geni duniani. Utaratibu wetu wa mabaraza ya miji tuliurithi kwa Waingereza, waliolifanya Dar es Salaam kuwa manispaa mwaka 1949. Yafaa basi tujue kwamba huko kwao wenyewe mlango haukufunguka kwa urahisi. Katika mji mdogo wa Tenby, huko Wales, baraza lilimfukuza mhariri wa gazeti la mji, aitwaye Mason, asihudhurie vikao. Shauri likafika mahakamani, na mwaka 1908 majaji wakasema baraza lina uwezo wa kumzuia. Naam, baraza lilishinda! Lakini ushindi ule uliwashtua watu, na mwaka ule ule Bunge likatunga sheria ya kuwaingiza waandishi wa habari. Watu wa kawaida walingoja zaidi. Mwaka 1960 ilitungwa sheria iliyowafungulia wao pia, na aliyeupeleka mswada ule alikuwa mbunge mpya, Margaret Thatcher, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Kisha zikaja simu, na ugomvi ukaanza upya, mpaka Agosti 2014 zilipotoka kanuni za Uingereza zinazomruhusu mtu yeyote kupiga picha na kunasa sauti katika mkutano wa wazi wa baraza, hata wa kijiji. Hakuruhusiwa kila kitu, angalieni. Kikao kikiingia faragha, vyombo vyote hutoka. Wala mtu hana haki ya kutangaza kwa mdomo, kama mtangazaji wa mpira, wakati wenzake wanazungumza.

Jirani zetu wa Kenya walilitia neno lao katika Katiba yenyewe ya 2010. Ibara ya 196 yaagiza mabaraza ya kaunti yaendeshe shughuli zake kwa uwazi, wala yasiwatoe wananchi au vyombo vya habari nje isipokuwa kwa hali ya pekee, na Spika aone kuwa iko sababu ya haki.

Na sisi? Sisi tumeonja pande zote mbili. Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, na sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Mtakumbuka kelele zilizofuata. Lakini mtakumbuka pia 17 Mei 2023, pale Mnazi Mmoja. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamefunga maduka siku mbili kabla, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Bwana Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza hadharani. Wakasimama mmoja mmoja kueleza habari za kodi na za kusumbuliwa, na simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Je, nidhamu ilivunjika kwa ajili ya simu hizo? La, hasha. Hata watu wa mbali na Dar es Salaam walijua ni nini kilicholalamikiwa na ni nini kilichoahidiwa.

Kumbukumbu ya ahadi ndiyo hasa inayotakiwa mahali kama Kariakoo. Soko kuu liliungua usiku wa 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wakahamishiwa kwingine. Ulipokaribia wakati wa kurudi, mwaka 2024, yalizuka malalamiko makubwa juu ya orodha ya majina ya wanaostahili. Sisi hatumhukumu mtu katika shauri hilo. Twasema hivi tu: kwa mwenye kizimba, jina lililomo au lisilokuwamo katika orodha ni karo ya mtoto na kodi ya chumba, na mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa atosheke na yale anayoyakumbuka.

Sasa tugeuke upande wa pili, kwa maana hofu ya wenyeviti haikuzuka bure. Tuseme mwenyekiti anasimama na kunena, "Wako wanaosema kwamba fedha za mtaro zimeliwa, hao walete ushahidi." Mtu mwenye hila akata mwanzo na mwisho, akabakiza "fedha za mtaro zimeliwa", akaipeleka katika mitandao ya kijamii. Kabla ya jua kutua mwenyekiti amekuwa mwizi aliyeungama kwa kinywa chake. Huo ni uongo uliotengenezwa kwa vipande vya kweli, na ni mbaya kuliko uongo mtupu kwa kuwa sauti ni yake mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 yaadhibu kutangaza habari za uongo, na ile ya 2016 niliyoitaja yakataza kupotosha taarifa uliyopewa na mamlaka. Vijana wengi hawalijui hilo hata kidogo. Kunasa ni jambo moja; kutangaza ni jingine, nalo lina mzigo wake.

Tena yuko mtu mwingine mkutanoni ambaye si kiongozi. Mjane asimama kuomba jina lake litiwe katika orodha ya msaada, akieleza shida za nyumba yake na maradhi ya mwanawe. Huyu hakuomba nchi nzima imwone akilia. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kama isingalikuwako, adabu yetu ingalitosha kutuambia kwamba kamera ishushwe hapo. Kiongozi anenaye kwa cheo chake hana sababu ya kujificha. Maskini anenaye kwa shida yake anayo.

Kwa hiyo ingefaa halmashauri zetu zitoe kanuni fupi, zibandikwe penye mbao za matangazo pamoja na mapato na matumizi, ili kila mtu azijue kabla ya kuketi. Mkutano uwapo wa wazi, kunasa kuwe ruhusa bila barua wala kujuana. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba kunasa kunafanyika, asije mtu akasema hakujua. Mwenye simu akae mahali pamoja, asizunguke akiwatia watu taa usoni wala asiwazibe walioketi nyuma. Watoto wasipigwe picha. Mtu akileta jambo la nyumbani mwake, mwenyekiti aagize simu zishushwe hadi amalize. Lakini asiitumie ruhusa hiyo mapato na matumizi yanaposomwa, kwa kuwa hapo ndipo wakazi wanapohitaji kumbukumbu zaidi ya penginepo. Anayetoa kipande hadharani ataje mtaa na tarehe, na mkutano mzima autunze, ili anayebishana naye apate kuusikiliza. Na mtu akivuruga, atolewe kwa ajili ya kuvuruga. Simu yake isiguswe, wala yaliyomo yasifutwe, maana mwenyekiti wa mtaa si hakimu wala si polisi.

Muhtasari wa mtendaji ubaki kuwa ndio kumbukumbu rasmi. Sauti iliyonaswa isiushindanie nafasi hiyo. Kazi yake ni kuupima. Mtendaji mwaminifu ataifurahia, kwa sababu siku atakaposingiziwa kwamba amebadili hesabu, atakuwa na cha kujitetea. Labda yule aliyeandika 5,000 aliandika sawasawa. Hata yeye, leo hii, hana njia ya kuthibitisha.

Katika mkutano uliofuata wa mtaa ule, kijana yule alikwenda mapema. Alimwamkia mwenyekiti, akamwomba ruhusa mbele ya wazee wawili, naye mwenyekiti, baada ya kunyamaza kitambo, akakubali. Simu ikawekwa juu ya meza, kando ya daftari la mtendaji. Ilipofika habari ya ada, mwenyekiti aliitamka hesabu mara mbili, akawauliza watu kama wameisikia. Shauri la zamani bado halijakwisha. Mama wa mboga ameandika barua kwa mkurugenzi, akitumia sheria ya 2016, kuomba nakala ya muhtasari wa siku ile na orodha ya waliohudhuria. Siku 30 zake hazijatimia, naye kwa sasa anauza akiwa ameketi juu ya kreti la soda.