Kanisa Letu Lilianzaje? Somo la Kusoma Pamoja Kikundini

Somo hili lisomwe kwa sauti baada ya kazi ya mwethya, na wazee wawepo. Bila wazee halitafaa kitu.

Karibu kila kijiji cha Kitui na Makueni kina kanisa, na vingine vina matatu manne yakitazamana. Yalitoka wapi? Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Waanglikana wa CMS, alifika Kitui mwaka 1849 akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Akarudi 1851, lakini Kivoi aliuawa na majambazi karibu na mto Tana, naye Krapf akatorokea porini akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. (Sisi wa ukame tunamwelewa.) Hakuacha kanisa hata moja hapa, ila aliacha Injili ya Marko kwa Kikamba.

Baadaye Walutheri wa Leipzig walianza Ikutha, miaka ya 1890, halafu Mulango. Vita vya 1914 hadi 1918 vikawang'oa, na Mulango ikaingia mikononi mwa AIM, ndiyo AIC ya leo. Hao AIM walikuwa wameanza Makueni, pale Nzaui, mwaka 1895, chini ya Peter Cameron Scott. Mwaka mmoja tu baadaye, Desemba 1896, Scott alikufa kwa homa. Mwaka 1945 Wakamba wenyewe wakaanzisha African Brotherhood Church, bila kungoja mzungu. Sisi Wakatoliki upande wa Kitui tulichelewa: mapadre wa Kiltegan kutoka Ireland walikabidhiwa eneo hilo 1956, likawa jimbo 1963, na Askofu William Dunne akaliongoza hadi 1995. Makueni ilikuwa chini ya Machakos mpaka jimbo la Wote lilipoundwa 2023.

Lakini hiyo ni historia ya wakubwa. Kanisa la kijiji halikujengwa na askofu. Lilianza chini ya mti, likawa la udongo na nyasi, siku za kazi darasa la watoto, Jumapili kanisa. Halafu akina mama wakabeba mchanga na maji kutoka mtoni, wanaume wakachoma matofali, mabati yakanunuliwa kwa harambee. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na mzee mmoja aliyesema, "Chukueni hapa." Alisema kwa mdomo tu. Hapo ndipo penye shida.

Nilifanya kazi na kikundi kimoja, jina naliweka, kilichojenga tangi kando ya kanisa ili kuvuna maji ya mabati. Mzee aliyetoa ploti alikuwa amefariki. Kijana wake akarudi kutoka mjini, akafuata urithi, akapata taito kwa jina lake, akauza. Mnunuzi akazungusha seng'enge, tangi likabaki ndani. Tulienda kwa chifu, tukaenda kortini. Tukaulizwa: karatasi iko wapi? Mashahidi walikuwa wamebaki wawili, mmoja hasikii. Na mimi nilikosa. Niliwasaidia kuhesabu mifuko ya simiti yote, lakini sikuuliza hata siku moja shamba ni la nani.

Kwa hivyo nunueni daftari. Andikeni nani alitoa ploti, mwaka gani, mpaka uko wapi, nani alikuwepo, na kila shahidi atie sahihi au kidole. Kama mwenye shamba yuko hai, kaeni naye pamoja na mke na watoto wake wakubwa, mkiandika mbele ya naibu wa chifu. Msiishie hapo, kwa maana karatasi ya kijijini peke yake haitoshi. Shamba la kilimo, hata likiwa zawadi, linahitaji kibali cha bodi ya ardhi kabla ya kuhamishwa, na kibali kiombwe kabla ya miezi sita kupita. Hati iandikwe kwa jina la wadhamini wa kanisa lenu, siyo la katekista wala mwenyekiti, hata awe mwema namna gani. Mahali ambapo kugawa mashamba hakujaisha, ambieni kamati iandikishe ploti ya kanisa mapema.

Tangi au kitalu cha kikundi kikiwa kwenye uwanja wa kanisa, andikianeni pia na kanisa lenyewe. Padre na mchungaji huhamishwa, na mgeni hatajua mlikubaliana nini.

Sasa jiulizeni: ni mzee gani kijijini anayekumbuka ibada ya kwanza? Mtumieni watu wawili wiki hii, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Waanze na ule mti: ulikuwa mti gani, na ulisimama wapi?