Miguu ya Vifaranga

Mkoa wa Singida wasifika kwa kuku wake wa kienyeji, ambao husafirishwa hata Dar es Salaam. Lakini kuku huanza kuwa kifaranga, na kifaranga asiyeweza kusimama hafiki penye maji wala chakula. Hufa kwa njaa na kiu. Usimtupe upesi. Mshike mkononi umtazame, maana mguu wenyewe huonyesha sababu.

1. Miguu imetanuka pande mbili, na kifaranga ametotolewa juzi tu. Kosa ni sakafu yenye utelezi, kama gazeti au bati. Funga miguu yote miwili kwa utepe laini, ukiacha upana wa kusimama kwake wa kawaida, usikaze. Mfungue baada ya siku tatu au nne. Tandika maranda au majani makavu.

2. Vidole vimekunjwa kwa ndani, naye hutembea kwa magoti. Amekosa vitamini B2. Wakati wa kiangazi majani mabichi ni haba, basi mpe mchicha uliokatwa vipande vidogo, na maziwa yaliyobaki baada ya kutoa siagi. Akiwahiwa hupona, akicheleweshwa, vidole havinyooki tena.

3. Mdomo na mifupa ni laini, miguu imepinda. Huyu amefungiwa gizani, au chakula chake ni pumba tupu. Jua la asubuhi humpatia vitamini D. Mifupa iliyochomwa na kusagwa, ikichanganywa kidogo katika chakula, humpatia chokaa.

4. Mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, naye amepita majuma kadhaa. Yaelekea ni ugonjwa wa Marek. Huu hauna dawa, nao huenea kwa vumbi la manyoya. Mtenge mara moja, ukamwite Bwana Mifugo. Kinga yake ni chanjo, ambayo hutolewa siku ile ya kutotolewa.

Basi, mkulima, tambua tofauti hii: sababu tatu za kwanza zatoka mikononi mwetu, nazo zaweza kuondolewa bila gharama kubwa. Kila asubuhi, ufunguapo banda, wahesabu vifaranga wako huku ukitazama miguu yao. Atakayebaki nyuma ya wenzake ndiye wa kushikwa kwanza.