Mradi Ukiondoka, Daftari Libaki

Miradi ya kilimo huja na magari, fulana na semina ya siku mbili, kisha huondoka. Anayebaki na faida ni mkulima aliyejifunza kupima mwenyewe. Hilo ndilo lengo la shamba darasa, mbinu iliyoanza kwenye majaruba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989 kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na ambayo sasa mabwana shamba wetu wanaifahamu vizuri. Kikundi chenu kikipata mradi, au hata kisipopata, fanyeni hivi.

Anzeni na swali moja. Mkibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa mpigo, mavuno yakipanda hamtajua kilichoyapandisha. Ulizeni, kwa mfano: je, urea ya kukuzia inalipa katika udongo wetu?

Pimeni vipande viwili vya mita 10 kwa 10, kwenye udongo wa aina moja, pasipo kivuli wala kichuguu. Pandeni mahindi siku moja, mbegu ileile, sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Palizi iwe siku moja pia. Tofauti iwe moja tu: kipande kimoja kipate urea, kingine kisipate.

Kagueni kila wiki, asubuhi. Gawanyikeni makundi ya watu watano, kila kundi likague mimea 10 bila kuchagua iliyonawiri: urefu, rangi ya majani, magugu, wadudu. Funueni majani ya moyoni. Mkikuta kinyesi kama unga wa mbao, mtafuteni kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyegunduliwa Afrika mwaka 2016. Kichwani ana alama kama Y iliyopinduliwa. Hesabuni mimea mingapi imeshambuliwa kabla mtu hajakimbilia bomba la dawa. Bwana shamba akiulizwa, asiharakishe jibu. Naye aulize: mmemkuta wapi, anakula nini?

Andikeni kila senti daftarini. Mbegu, mbolea, nauli ya kuifuata, vibarua. Palizi ya mama na watoto nayo ni gharama, iandikeni.

Mkivuna, kausheni kabla ya kupima. Tieni mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, mtikise, muiache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisheni juani.

Kisha zidisheni uzito wa kila kipande kwa 40 mpate makadirio ya ekari. Tuseme kisicho na urea kimetoa kilo 20 na chenye urea 32. Tofauti kwa ekari ni kilo 480, karibu gunia tano. Zipigeni bei ya sokoni, mtoe gharama za urea, nazo mkiwa mmezizidisha kwa 40. Kinachobaki ndicho jibu lenu. Likiwa hasara, mmeipata kwenye kipande cha mita 10 kwa 10, si kwenye ekari nzima.

Mwisho, waalikeni majirani waone, na anayeeleza awe mkulima, si mgeni wa mradi. Na mradi mwingine ukibisha hodi, wafungulieni daftari kwanza, ndipo muwasikilize wamekuja na nini.