Kuwaachisha Vifaranga wa Kambale Chakula Hai

Kambale, au mumi kama anavyoitwa na wakazi wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria, ana mayai mengi na soko la uhakika. Jike mmoja aliyekomaa hutoa maelfu ya mayai kwa mara moja. Wenye mabwawa hutafuta vifaranga wake, na wavuvi wa sangara huwanunua kuwa chambo cha ndoana. Hata hivyo, wakulima wengi wanaototolesha wenyewe huona idadi hiyo ikipungua vibaya ndani ya wiki mbili za kwanza. Mayai yaliangua vizuri, maji yanaonekana safi, lakini kila asubuhi kuna wafu wa kutoa kwenye tangi. Ugonjwa ndio hulaumiwa kwanza. Mara nyingi, kisa ni chakula: vifaranga waliondolewa kwenye chakula hai mapema mno, au ghafla, au walicheleweshwa hadi wakaanza kulana.

Ni vizuri mkulima aelewe kwanza kinachoendelea ndani ya tumbo la samaki huyu. Katika maji ya nyuzi 28 hivi, kifaranga huishi kwa kiini cha yai alichobeba kwa takriban siku 3 baada ya kuanguliwa. Kiini kikiisha, huanza kuogelea akitafuta chakula. Mdomo umefunguka, lakini tumbo bado halijawa tumbo. Halina asidi ya kumeng'enya chakula kikavu, kwa hiyo unga unaomezwa siku hizo hupita bila faida kubwa. Mdudu hai mdogo humeng'enywa kwa urahisi zaidi, na kwa kuwa anatikisika majini, kifaranga humwona na kumfuata.

Tumbo huanza kufanya kazi karibu siku ya 4 au ya 5 tangu kifaranga aanze kula. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika ukutani. Kabla yake, usijaribu kubana matumizi kwa kumpa unga peke yake. Baada yake, kila siku unayoendelea na chakula hai pekee ni gharama isiyo ya lazima. Maji yakiwa baridi kuliko hapo, kama ilivyo kwenye maeneo ya miinuko wakati wa usiku, mambo yote hayo huchelewa. Mkulima wa huko anafaa kufunika matangi kwa karatasi ya plastiki au kupasha maji joto, na asifuate hesabu ya siku kwa upofu.

Chakula hai kinachotumiwa zaidi ni artemia, kijidudu cha maji ya chumvi ambaye mayai yake makavu huuzwa kwenye mikebe. Gramu moja ya mayai mazuri hutoa zaidi ya artemia 200,000. Huanguliwa kwa muda wa saa 24 kwenye maji yenye gramu 25 hadi 30 za chumvi kwa kila lita, yenye joto la nyuzi 28, mwanga, na hewa inayopulizwa kutoka chini mfululizo. Zima hewa kwa dakika chache ili maganda yaelee, kisha uwavute artemia waliotulia chini na kuwasuuza chumvi kwenye kitambaa laini. Walishe mapema siku hiyo hiyo, kwa sababu kadiri saa zinavyopita wanatumia akiba yao wenyewe na kubaki na lishe ndogo. Wakiingia maji baridi yasiyo na chumvi hawaishi muda mrefu, hivyo toa kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku ukiwemo.

Asiyemudu mkebe anaweza kukuza moina, yule mdudu mdogo anayerukaruka kwenye maji ya kijani. Jaza tangi maji, tumbukiza mfuko wa samadi ya kuku iliyokauka, subiri maji yageuke kijani, kisha uweke mbegu ya moina. Anza angalau wiki moja au mbili kabla ya kutotolesha. Kinachopaswa kuepukwa ni kuteka wadudu kwenye vidimbwi na kuwamwaga moja kwa moja kwenye tangi. Pamoja nao huja wachanga wa kereng'ende, ambao hula vifaranga mmoja baada ya mwingine.

Sasa tufike kwenye kuachisha kwenyewe. Mama hamwachishi mtoto kunyonya siku anayoonja uji kwa mara ya kwanza. Viwili hivyo huenda pamoja kwa muda. Kwa kambale ni vivyo hivyo. Kuanzia siku ya 5 ya kulisha, toa unga kwanza wakati wana njaa, hasa mlo wa alfajiri na ule wa jioni. Subiri dakika 15 hadi 20, ndipo utoe artemia au moina. Ukianza na chakula hai watashiba, na unga utazama na kuoza. Punguza chakula hai kwa robo hivi kila siku. Kufikia siku ya 10, wengi huwa wanakula unga peke yao. Wafu wakiongezeka ghafla, rudi nyuma siku moja au mbili.

Utajuaje kama wameukubali? Waangalie matumbo. Kifaranga aliyekula artemia huonekana na tumbo la rangi ya chungwa, na aliyekula unga tumbo lake huwa la kahawia. Chota kadhaa kwenye bakuli jeupe nusu saa baada ya mlo wa unga. Kama nusu yao wana matumbo matupu, usipunguze chakula hai siku hiyo, hata kama kalenda inakuruhusu.

Unga wenyewe uwe na protini ya asilimia 50 au zaidi, na chembe za milimita 0.2 hadi 0.3. Kuna wanaosaga omena nyumbani. Kwa samaki wakubwa ni jambo jema, lakini kwa wiki hizi mbili tunashauri ununue chakula cha vifaranga kilichotengenezwa kiwandani. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, na omena wa kuanikwa chini huja na mchanga, tena unga wake huyeyuka na kuchafua maji. Masalio yanyonywe kwa mpira mwembamba kila siku, kabla ya mlo.

Kambale ni mlaji wa nyama na hupenda giza. Funika sehemu kubwa ya tangi. Vifaranga hutulia na kung'atana hupungua. Hata hivyo, wachache watakua upesi kuliko wenzao. Mwanzoni huwauma wenzao mkia, na baadaye huwameza wazima kuanzia kichwani. Aliyeonja mwenzake hana haja na unga wako. Tenganisha kwa ukubwa kila baada ya siku 5 hadi 7 ukitumia beseni lenye matundu ya kipimo kimoja.

Neno moja kwa wenye matangi ya urembo, kwa kuwa nao huuliza. Oska na samaki wengine walaji wa nyama waliozoea kulishwa samaki hai huachishwa kwa njia tofauti, maana samaki mkubwa mwenye afya anavumilia siku mbili tatu bila chakula, jambo ambalo lingemuua kifaranga wa kambale. Mwache apate njaa, kisha mpe kipande cha samaki kilichokufa ukikitikisa kwa koleo, na polepole uchanganye na tembe. Samaki wa dhahabu wanaotumiwa sana kuwa chakula hai wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na wanaweza kuleta vimelea.

Wakazi wasiototolesha, ambao hununua tu vifaranga wa kujaza bwawa, pia wanahusika. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji arushe unga mkavu kwenye tangi ukiwa umesimama hapo, na usogee uone. Walioachishwa huukimbilia mara moja. Wakizubaa huku chakula kikizama, mwambie utarudi wiki ijayo, kwa sababu hao wakifika kwako na bwawa lako halina wadudu, watakula wenzao au watakufa njaa, na pesa ulizolipa hazitarudi.